Bafu Tulilomtengenezea Bibi

Ilianza Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Juni, saa mbili na nusu asubuhi, ukungu ukiwa bado umekaa kwenye mibuni. Baba aliingia bafuni na nyundo kubwa, akakohoa, akapiga pigo la kwanza kwenye ukuta wa kijani. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga uji. Nilijua anakwenda kupiga, maana jambo lilizungumzwa wiki nzima, lakini mwiko uliniponyoka hata hivyo.

Bibi alikuwa amekaa karibu na moto, khanga mbili begani na sweta la mama juu yake. Bibi huyu ni mama yake mama, mtu wa ziwani, wa Ngumbo, na baridi ya Mbinga alikuwa anaichukia waziwazi.

"Ukuta wa watu umekosa nini?" aliniuliza.

"Wanakutengenezea bafu, Bibi."

"Mimi nilikuja na nyonga mbovu. Sikuja na madai ya bafu."

Nilicheka chini chini nikaendelea na uji.

Bafu lile alilijenga babu mzaa baba, enzi ambazo kahawa ilimfanya mtu aote mambo makubwa. Wakati huo kwa majirani bafu lilikuwa uani, la mianzi, na inasemekana watu walikuja kumshangaa mzee anayeoga ndani ya nyumba anamolala. Mimi nilizaliwa nikalikuta limeshazeeka. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu, imelika katikati. Kuta zilikuwa na rangi ya mafuta ya kijani mpaka kifuani, juu chokaa. Bomba la mvua lilikuwepo, lakini halijawahi kutoa hata tone tangu nipate akili. Tulikuwa tunatundikia mataulo. Choo kilikuwa cha kuchuchumaa, tena unapanda ngazi mbili kukifikia, kama unakwenda kutoa hotuba. Na karibu na dirisha rangi ilikuwa imebanduka ikaacha alama ndefu nyembamba. Nilipokuwa mdogo, kila nikiogeshwa niliitazama, nikamwambia mama lile ni ziwa la Bibi. Nyundo ya baba ilianzia hapo hapo kwenye ziwa. Mimi ni mtu wa kuandika baadaye, si wa kusema.

Sababu ya yote haya ilikuwa nyonga ya Bibi. Mwezi uliotangulia alikuwa ziwani anaosha sufuria zake, jiwe likamtelezesha, akaanguka kwa ubavu. Alipotoka hospitali mama akaenda kumchukua, akampandisha huku milimani kwetu. Mama alitaka abaki moja kwa moja, kwa sababu kule Ngumbo alikuwa anaishi peke yake. Bibi alikubali, lakini kwa sharti, na sharti lake alilitamka mbele yetu sote siku ya kwanza.

"Nitakaa kwenu nikiweza kuoga mwenyewe," alisema. "Siku nikianza kuogeshwa kama kichanga mpaka mwisho wa maisha yangu, mnirudishe ziwani. Kule hata nikishindwa, maji yananifuata yenyewe."

Kwa bafu letu la zamani isingewezekana. Hakuweza kuchuchumaa wala kupanda zile ngazi mbili. Kwa hiyo alikuwa anaoga chumbani kwake kwenye beseni, mimi nikimmwagia na kukausha sakafu. Haja zake alizifanya kwenye kiti cha mbao ambacho seremala alikikata tundu, chini kuna ndoo. Ndoo hiyo nilikuwa naimwaga mimi kwenye choo cha shimo nyuma ya migomba. Naandika haya wazi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Sikuona kinyaa kama nilivyotegemea. Kilichoniuma ni Bibi kugeuza uso ukutani kila nilipoibeba.

Sasa niwaeleze baba na Bibi walivyokuwa wanaishi nyumba moja, maana bila hilo hamtaelewa kilichofuata. Baba ni mkwe wa Bibi, na mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mkono. Baba akimwamkia alichutama mbali kidogo, akatazama pembeni, akasema "Shikamoo, mama," na Bibi akaitikia akiwa anatazama upande mwingine, kama watu wawili wanaomsalimia mtu wa tatu asiyeonekana. Kabla ya kupinda kona yoyote ya nyumba, baba alikohoa ili kama Bibi amelegeza khanga aifunge. Alikohoa sana mwezi ule. Jirani mmoja alimpa pole ya mafua.

Na hawakuzungumza moja kwa moja ila kwa lazima. Mazungumzo yao yalipita kwangu.

"Mwambie baba yako," Bibi angesema akiwa kwenye mkeka anachambua dagaa wa ziwani, "usipa aliouleta jana hauna mchanga hata punje."

Baba yuko hapo hapo kwenye kichanja anageuza kahawa, anasikia kila neno. Lakini anaendelea kugeuza mpaka niende nikasimame mbele yake.

"Baba, Bibi anasema usipa hauna mchanga."

"Mwambie ashukuriwe aliyeuanika."

Narudi. "Bibi, anasema ashukuriwe aliyeuanika."

"Nimesikia, mke mwenza. Sijawa kiziwi." Mke mwenza ndiye mimi. Ndivyo anavyonitania, kwamba sisi wote ni wake wa babu mzaa mama.

Kwa mtu kama mimi, ambaye mwalimu akiniuliza swali natoa jibu kwa sauti ya mbu, kazi hii ilinifaa kabisa. Maneno yalikuwa ya wengine. Mimi nilikopesha mdomo tu.

Baada ya kuta kuanguka, baba alisema sakafu ataiweka mwenyewe, fundi aje kubandika marumaru tu. Mama alimwangalia. "Umewahi kuweka sakafu?"

"Nimelima mlima tangu mtoto. Sakafu ya bafu itanishinda?"

Akachanganya zege, akamwaga, akalainisha kwa ubao akiwa amepiga magoti, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Ilipokauka akamwaga ndoo ya maji ili atuoneshe yanavyokimbilia kwenye tundu. Maji hayakukimbia. Yalizunguka, yakatulia katikati, yakakaa.

Fundi alipofika alisimama mlangoni akavua kofia. Ni mtu mwenye maneno, na alikuwa anamfahamu baba tangu zamani.

"Mzee, hapa tuweke samaki au marumaru?"

"Mteremko upo," baba alisema. "Umejificha."

"Umejificha kweli. Mmatengo wewe. Umempa saruji mkono uliozoea ngoro."

Kweli ilikuwa ngoro tupu. Ngoro ni yale mashimo tunayochimba kwenye miteremko huku, shamba zima likawa kama sega la nyuki, ili mvua ikinyesha maji yabaki shimoni yasikimbie na udongo. Baba tangu utoto wake kazi yake imekuwa kuyazuia maji yasiteremke. Mikono yake haikujua namna ya kuyafukuza.

Mama alimsimulia Bibi, na Bibi akaomba fimbo, akajikokota kwenye korido mpaka mlangoni pa bafu. Alisimama nje ya kizingiti akachungulia. Nakumbuka vizuri kwamba hakuvuka kizingiti, ila wakati ule nilidhani ni kwa sababu ya maji.

"Mwambie baba yako," aliniambia, mabega yake yakitetemeka kwa kicheko anachokizuia, "asihangaike kuyatoa. Apande maharage."

Baba alikuwa ameinama ndani, mgongo kwetu. Nilianza, "Baba, Bibi anasema..." Sikuweza kumaliza, kicheko kilinikaba. Na mgongo wa baba nao ukaanza kutikisika. Siku ile nilifikiri mambo yataisha vizuri na mapema.

Fundi aliibomoa ngoro pamoja na sakafu nyekundu iliyokuwa chini yake, akaweka mteremko. Zikabandikwa marumaru nyeupe ukutani, na chini zile zenye mikwaruzo zisizoteleza. Choo kikawa cha kukaa, bila ngazi. Bomba la mvua jipya likatoa maji kweli, ya baridi kali kama ya mtoni lakini maji. Baba alimpelekea mchomeleaji vipimo, akatengeneza vyuma viwili vya kushikilia, kimoja pembeni ya choo na kingine penye bomba. Alivipaka rangi nyeupe yeye mwenyewe, mara mbili. Kabla fundi hajaondoka, baba alikaa kwenye choo na nguo zake, akashika chuma, akainuka taratibu huku amekunja uso kama mtu mwenye nyonga mbovu. Nilimwona kupitia upenyo wa mlango nikaondoka polepole. Sikutaka ajue nimemwona.

Jioni ile mama alichemsha maji, akaweka ndoo mbili bafuni, akaweka kigoda kipya na taulo jipya la rangi ya waridi. "Mama, karibu," alimwambia Bibi.

Bibi alisifia. Alisimama pale pale kwenye kizingiti, akasifia vyuma, akasifia dirisha. Halafu akasema leo amechoka, ataoga chumbani.

Kesho yake akasema nyonga inauma. Siku iliyofuata akasema ameoga alfajiri, na mimi nilijua hajaoga, kwa sababu beseni lilikuwa kavu. Kiti cha tundu kiliendelea na kazi yake, na mimi niliendelea na ndoo.

Hapo baba akaanza kukisia. Alidhani anaogopa kuteleza, akaleta mkeka wa mpira akautandika. Bibi akashukuru kupitia kwangu na hakuingia. Baba alidhani choo kiko juu mno, akaniambia nimpime Bibi urefu wa goti kwa kamba bila yeye kujua. Nilishindwa, na Bibi akaniuliza kama nampimia sanduku la kuzikia. Alidhani ni kitasa kigumu, akakibadilisha. Kila alichofanya kilikuwa kizuri, na kila kitu kizuri kilimfanya Bibi azidi kunyamaza. Mama aliudhika.

"Mama, unataka nini?" alimuuliza mchana mmoja, sufuria mkononi. "Mtu amepasua nyumba ya baba yake kwa ajili yako."

"Ndiyo najua," Bibi alisema. "Ndiyo maana sina la kusema."

Siku mbili hivi baadaye niliingia chumbani kwake kuchukua ndoo, nikakuta ule mfuko wake mkubwa wa shangazi kaja umesimama kitandani, zipu imefungwa nusu. Khanga zake zilikuwa ndani. Juu kabisa lilikuwa jiwe lake la kusugulia miguu, jiwe jeusi la ziwani lenye umbo la andazi, ambalo alikuja nalo kwa sababu alisema mawe ya milimani hayajui visigino.

"Unakwenda wapi, Bibi?"

"Mguu umepona. Jumatatu nitapanda gari niteremke."

Mguu haukuwa umepona. Hata kufika mlangoni alikuwa anashika ukuta. Niliona picha yake akiwa peke yake kule kwenye mawe yale yale, na sufuria zile zile. Nikakaa sakafuni karibu na miguu yake. Kama nilivyosema, mimi si mtu wa maneno, lakini mtu akiwa hakuangalii usoni maneno hutoka, kwa hiyo nilivitazama vidole vyake.

"Bibi, bafu lina nini?"

Alilichukua lile jiwe mfukoni, akaligeuza mkononi.

"Bafu zuri," alisema. "Zuri kuliko la padri. Lakini nikisimama pale mlangoni naona nini? Taulo la baba yako limetundikwa. Wembe wake dirishani. Sabuni yake ina unywele. Kandambili zake zimetazamana na ukuta, bado zina maji." Alishusha sauti. "Mimi nivue khanga yangu mahali mkwe wangu alipovua suruali yake asubuhi? Nikae pale alipokaa? Mtu anayekohoa kwenye kona ili asinione kichwa wazi. Nikiingia mle, ile heshima yote tumeikoholea ya nini?"

Nilihisi masikio yananiwaka. Taulo lile nilikuwa naliona kila siku na sikuliona.

"Kwa nini hukumwambia mama?"

"Mama yako amekaa bweni tangu akiwa mdogo kuliko wewe. Atasema ni mambo ya zamani. Na ningesema nini? Nimtoe mwanaume kwenye bafu alilojengewa na baba yake, nyumbani kwake, mimi mgeni mwenye fimbo?" Akaweka kiganja kichwani kwangu. "Hiyo siyo salamu ya kumtuma mtoto, mke mwenza. Acha. Nitakwenda tu."

Alasiri nilikaa na baba kwenye kichanja tunachambua kahawa. Mimi upande huu, yeye upande ule, tunatoa zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Nilikuwa na neno mdomoni na neno hilo kwa mara ya kwanza lilikuwa langu, halikutumwa na mtu. Nilijaribu. Nilisema, "Baba." Akasema, "Naam, mama." Nikasema, "Kahawa hii imekauka vizuri." Akasema ndiyo, imekauka. Tukaendelea kuchambua. Nilijichukia mpaka jua likaegemea.

Baba alipoondoka kwenda kurudisha toroli la jirani, niliingia bafuni. Nilichukua taulo lake. Nikachukua wembe, sabuni, mswaki wake na zile kandambili. Nikavipanga vyote barazani kwenye kiti chake anachokalia jioni, taulo limekunjwa chini, vingine juu. Nilinyata kama mwizi, ingawa nilikuwa nahamisha vitu mchana kweupe.

Alirudi akavikuta. Mama alikuwa anapepeta mchele pale pale barazani.

"Nani amenifukuza?" baba aliuliza, nusu utani.

"Mimi," nilisema.

Mama aliacha kupepeta. Baba aliutazama mswaki wake, akanitazama mimi. "Vimekosa nini, mama?"

Nilitazama kandambili. "Vinamzuia Bibi."

"Taulo linamzuia mtu?" mama alisema. "Wewe mtoto, sema vizuri."

"Bibi hawezi kuvua nguo pale anapovua Baba."

Nilisema hivyo tu. Sauti ilikuwa ya mbu, lakini baraza ni dogo. Mama aliweka kiganja mdomoni. Kuku walikuwa wameshafika kwenye ungo, na hakuna aliyewafukuza.

"Kumbe," baba alisema.

Alikaa kwenye ngazi, siyo kwenye kiti, maana kiti kilikuwa kimejaa vitu vyake. Alisugua viganja magotini. "Kumbe ndiyo hiyo. Na mimi nabadilisha vitasa."

"Mimi ndiye nilipaswa kujua," mama alisema polepole. "Ni mama yangu."

"Hapana, mimi nilijua. Nilijua, ila sikuweza kufikiri mpaka mwisho." Alizungumza akitazama uani. "Mtu utakaaje umuwaze mama mkwe wako anaoga? Hata kumuuliza mke wako ni aibu. Nikifika hapo akili inageuza uso. Kwa hiyo nikawa nawaza zege, nawaza vyuma." Akatingisha kichwa. "Nimefunika macho kwa heshima, halafu nikajenga nimefunika macho."

Mama akaanza kucheka, akafuta machozi kwa ncha ya khanga, sijui ni ya kicheko au ya kingine. Baba akanigeukia. "Ungeniambia kabla sijaimwaga ile zege, ungenisaidia."

"Nilikuwa sijui, Baba."

"Najua. Nakutania."

Akainuka, akakusanya vitu vyake kwenye kiti, akazunguka nyuma ya nyumba. Akakohoa kwenye kona.

Kesho yake, Jumapili, tuliporudi kanisani alivua shati la misa akaanza kazi. Alikata mianzi. Mlango wa zamani wa bafu ulikuwa bado umeegemezwa kwenye banda, wa mbao, tundu la kitasa limezibwa kitambaa, na akaufunga kwa bawaba zake zile zile. Nyuma ya migomba, karibu na kile choo cha shimo, kikasimama kibafu kisicho na paa. Sakafu aliitandika kwa vipande vya ile saruji nyekundu ya babu, ambavyo fundi alivirundika uani. Nilimsaidia kuvipanga. Tulipopata kipande cha ukuta chenye rangi ya kijani nilikigeuza nione kama ni kile chenye ziwa. Hakikuwa chenyewe. Nilikiweka hata hivyo.

"Mteremko," baba aliniambia. "Tazama vizuri. Unaelekea wapi?"

"Kwenye migomba."

"Mwaga maji."

Nilimwaga. Yalisitasita katikati, halafu yakaenda.

"Asije fundi akasema," alisema baba, na nikaona amefurahi kuliko siku ile marumaru zilipoisha.

Jioni nilimwambia Bibi. Hakuna aliyenituma. Nilimwambia bafu la ndani sasa ni la wanawake, la kwake na mama na mimi, na baba ana la kwake nje. Alikuwa anashona kifungo. Aliendelea kushona.

"La wapi nje?"

"Nyuma ya migomba. Amejenga leo."

"Zile kelele za panga?"

"Ndiyo."

"Kwenye baridi hii," Bibi alisema, akamaliza kifungo. Halafu akakata uzi kwa meno, akashika fimbo. "Haya. Nichemshie maji. Leo Jumapili."

Alivuka kizingiti. Nilikuwa nyuma yake nimekumbatia ndoo, na niliona mguu mzima ukitangulia, kisha ule mbovu ukifuata. Akashika chuma cha baba. Akaketi kwenye kigoda. Lile bomba la mvua alilitazama akaniambia nilifunge vizuri lisije likamtemea mate. Kisha akanifukuza.

Nilikaa koridoni, mgongo ukutani. Nilisikia kata ikigonga ndoo, na maji. Mama alikuja akakaa karibu yangu, akiwa na mikono yenye unga, tukawa tunasikiliza kama watu wanaosikiliza redio. Bibi alikuwa anaimba wimbo wa Kinyasa ambao mama aliujua, kwa sababu midomo yake ilikuwa inaufuata. Maji yalimwagika muda mrefu. Chumbani kwenye beseni hakuwahi kumwaga hivyo, alikuwa anajipangusa tu kama mtu anayefuta meza.

"Mke mwenza," aliita mwishowe. "Njoo mgongoni. Hapo tu, kwingine nimejisugua mwenyewe."

Niliingia. Alikuwa amefunga khanga kiunoni, mvuke umejaa, ngozi yake inang'aa kama ya samaki aliyetoka majini sasa hivi. Nilimsugua mgongo. Ulikuwa mwembamba, na una kovu dogo chini ya bega ambalo sikuwahi kuliona, ingawa nilimmwagia maji mwezi mzima. Kule chumbani alikuwa anajifunika haraka. Sasa hakuwa na haraka.

"Baba yako ataogea maji gani huko nje?" aliuliza.

"Atabeba mwenyewe. Ya vuguvugu."

"Mwambie..." alianza, kisha akasita. Nilisubiri, kitambaa mkononi. "Hapana. Usimwambie kitu. Wewe mwenyewe uangalie, maji yake yachemke kweli kweli. Yasiwe ya kudanganyia."

Nilipomkausha na kumpeleka chumbani, nilirudi kufuta sakafu. Hakukuwa na cha kufuta, maji yote yalikuwa yameshakwenda. Lakini dirishani, pale ulipokuwa wembe wa baba, lilikuwa limewekwa lile jiwe jeusi la ziwani, bado limelowa. Kumbe alikuja nalo kwenye mkunjo wa khanga. Nililiacha. Mfuko wake wa shangazi kaja nilikuja kuukuta umekunjwa chini ya kitanda, mtupu, na kile kiti cha tundu tulikipeleka barazani, mama akakiwekea chungu cha maua juu yake.

Asubuhi iliyofuata, Jumatatu ile ya gari, niliamka kabla ya wote. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba migomba haikuonekana. Nilikoka moto, nikabandika sufuria kubwa, nikakaa kuilinda mpaka maji yakachemka hasa, ya kurusha mfuniko. Nikachanganya kwenye ndoo kidogo tu na ya baridi, nikajaribu kwa kiwiko. Nikaibeba kwa mikono miwili mpaka nyuma ya nyumba. Kule ndani ya mianzi baba alikuwa ameshatangulia, nilisikia meno yake yakigongana na kandambili zikikanyaga ile saruji ya babu.

Nilifika kwenye kona. Nikakohoa.

Kikohozi chake kikanijibu. Nikaweka ndoo karibu na mlango wa zamani, nikageuka, nikarudi jikoni kukoroga uji.